Mahindi Yaliyomtangulia Mikayi

Kwenye matanga ya Rispa watu walikula ugali wa mahindi yake mwenyewe, ya mavuno yake ya mwisho, mpaka masufuria yakakwanguliwa. Nilikuwa nimepewa kiti karibu na ukuta, mahali wanapowekwa wazee ambao hakuna anayejua vizuri ni wa nani, na msichana mmoja akaniletea sahani: ugali, kipande cha ngege, samaki wa ziwani, kilichokaangwa kikavu, na mboga za kienyeji zilizochemshwa kwa maziwa. Niliishika sahani juu ya magoti nikiwatazama wenzangu. Walikula kama watu wanavyokula matangani, haraka na kwa maneno mengi, mmoja akilalamika kwamba samaki wa siku hizi ni mifupa mitupu, mwingine akimwambia anyamaze ale. Hakuna aliyeuliza mahindi yale yalipandwa lini, wala yalipandwa mbele ya nani. Niliiweka sahani chini kando ya kiti. Haikuwa huzuni peke yake iliyonizuia kula. Niliwahi kuyaona mahindi ya mwanamke huyu huyu yakisimama shambani, mazuri kuliko yote katika lokesheni nzima, na watu wa nyumba yake, wenye njaa, wakiyapita kama yameota makaburini.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya kilimo na mdomo usiotulia, nikapewa kuongoza elimu ya wakulima katika wilaya. Mzungu aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa ameondoka, na nadhani walitaka tu mtu wa kukalia kiti chake kabla hakijapoa. Chini yangu walikuwa mabwana shamba ambao wote walinizidi umri. Nilikuwa na Landrova moja, na kituo cha mafunzo nje kidogo ya Kisumu, mahali ambapo wakulima walikuja kulala wiki nzima, wakafundishwa, wakarudi makwao. Chumba cha kufundishia kilikuwa cha mabati bila dari, kwa hiyo mvua ikinyesha somo la mvua halikusikika. Mabweni yalikuwa mawili, ya wanaume na ya wanawake, yenye vitanda vya chuma na blanketi za kijivu zilizonuka dawa ya kunguni. Asubuhi ilikuwa uji, mchana nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, jioni ugali kwa omena, dagaa wa ziwani. Mimi niliuliza kila kitu. Kwa nini wiki moja na si siku mbili? Kwa nini tunamfundisha mzee anayelima kwa jembe la mkono kutumia trekta ambalo hatalipata? Nani alipima nafasi hii ya mistari, na aliipima kwenye udongo gani? Sikuwa mtu wa huko, nilitoka upande wa pili wa vilima, na Kiluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu, kwa hiyo watu walisema nami Kiswahili. Lakini waliniita kwa Kiluo: Japenjo, mtu wa maswali. Nilidhani ni sifa.

Rispa alikuja kwenye kozi ya kwanza ya mwaka ule akitoka Seme, si mbali na soko la Kombewa, akiwa na mtoto wa kiume mgongoni aliyeitwa Ouma. Binti yake mkubwa, Atieno, alikuwa amemwacha nyumbani. Alikuwa mke wa pili wa Mzee Nyangweso, mtu aliyekuwa amestaafu kazi ya reli. Huko kwa mumewe walimwita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa jina la alikozaliwa, kama wanavyoitwa wake wote. Alikaa mbele. Bwana Odera, mwalimu wetu mkuu wa mazao, alipochora ubaoni mahindi chotara yaliyopandwa mapema na yale yaliyochelewa kupandwa, Rispa aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo mapema ni mapema ya nani?" Darasa lilicheka. Odera pia alicheka, akajibu, "Mapema ya mvua, mama. Mvua ya kwanza ikigonga, mbegu iko chini." Rispa hakucheka. Alimbembeleza mtoto, akasema polepole, "Mvua haina shida. Mvua haina mikayi."

Mimi ndiye niliyetaka nielezwe. Mikayi ni mke wa kwanza. Nyumba yake ndiyo inayotazama lango la boma, za wengine ziko pembeni. Mwaka wa kulima ukifika, mwenye boma hulala kwake, na asubuhi mikayi hutoa mbegu kwenye ungo, huchimba shimo la kwanza na kuifukia. Hilo huitwa golo kodhi, kutoa mbegu. Baada yake ndipo mke wa pili hupanda, kisha wana na wake zao, kila mtu kwa zamu yake. Anayeruka zamu huleta chira ndani ya nyumba, ugonjwa wa kukonda na kuisha, na chira haimchagui aliyekosa. Huweza kumkamata mtoto wake. Nilielezwa haya yote jikoni, mahali walimu walipokuwa wakinywa chai baada ya masomo, na nilipomaliza kusikiliza nikauliza nilichoona ni swali rahisi: kila mwaka tunafundisha watu wapande mvua ya kwanza, basi hawa walimu wenyewe hupanda lini makwao? Walitazamana. Mpishi alicheka kwanza. Odera alipuliza chai yake. "Mimi namngoja mama yangu," akasema. "Yuko hai, anapanda kwanza." Nikasema, "Hata akichelewa mwezi?" "Hata akichelewa mwezi." "Na hapa unafundisha nini?" Odera alinitazama bila hasira, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani na viatu. "Bwana, hii ni kazi. Ile ni nyumbani."

Kosa lilikuwa limeshafanyika wakati huo. Ofisi ya mkoa ilikuwa imeagiza kila lokesheni iwe na shamba moja la mfano, na mkulima wake awe anajua kusoma, ili aweze kufuata maagizo yaliyoandikwa kwenye mifuko ya mbegu na mbolea. Shamba lililochaguliwa huko lilikuwa la Nyangweso, lakini mzee mwenyewe macho yake hayakuona tena maandishi, na Mikayi hakuwahi kukaa darasani. Rispa alisoma. Kwa hiyo siku Odera alipokwenda kumwandikisha, alisimamisha Landrova langoni, akapita mbele ya mlango wa Mikayi aliyekuwa ameketi akichambua mtama, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya pembeni. Odera alizaliwa ng'ambo ya mto tu kutoka pale. Alijua kabisa kwamba mgeni wa boma huanzia nyumba gani. Lakini alikuwa ametumwa kwa anayejua kusoma, na mtu aliyetumwa na serikali, naye akiwa ndani ya gari la serikali, huwa anasahau vitu ambavyo akiwa kwa miguu hawezi kuvisahau.

Mwezi wa pili Mikayi aliugua miguu, ikavimba, akapelekwa hospitali kuu Kisumu, na alipotoka akabaki kwa mwanawe mtaani Nyalenda. Mwezi wa tatu mvua ikagonga. Katika Seme nzima watu waliinama mashambani, na katika boma la Nyangweso ardhi ilikaa wazi, imelimwa, nyeusi, inakunywa maji bure. Mzee alimtuma mtu Nyalenda, akarudi bila jibu. Akamtuma mwingine. Mwishowe alikuja mwenyewe hadi kituoni, amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, akasimama mbele ya meza yangu akikataa kuketi. "Nyinyi ndio mlileta hii maneno," akasema. "Nyinyi mna gari. Nendeni mniletee bibi yangu."

Tulikwenda mimi na Odera. Chumba cha mwana wa Mikayi kilikuwa kimoja, cha udongo na mabati, kitanda nyuma ya pazia la khanga, jiko la makaa mlangoni, na nje yake bomba la maji ambapo wanawake walipanga madebe yao na kutukanana kwa furaha. Mikayi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele yake kama vitu visivyo vyake. Alikuwa amewahi kukaa na mumewe nyumba za reli, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Alinipima toka kichwani hadi viatuni.

"Ndio wewe Japenjo?"

"Ndio mimi, mama."

"Nilidhani ni mzee. Kumbe ni mtoto. Keti. Hiyo kiti ina mguu mbovu, kalia upande." Kisha akamgeukia Odera, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. "Na wewe, leo umeona mlango? Ile siku ulipita nyumba yangu kama mtu anapita choo."

"Mikayi, ilikuwa kazi tu," akasema Odera.

"Kazi gani haina salamu?"

Mimi nilieleza kuhusu mvua, na jinsi kila juma lililopita lilivyokuwa likipunguza mavuno, na kwamba boma lake litalala njaa. Alisikiliza macho yake yakiwa kwenye jiko. "Nani atalala njaa?" akauliza. Nikasema mzee, na Rispa, na watoto. "Na mimi hapa nalala nini? Nalala nyama?" Nikamuuliza itakuwaje wakipanda bila yeye. Hapo alicheka, kicheko kilichoanza vizuri kikaishia kwenye kikohozi. "Wapande! Nani amewakataza? Umeona askari hapo? Mwanangu, miaka yote mimi ndio nafungua hiyo shamba. Huyo Nyar Asembo, ugali yote amekula kwangu ilianza na huu mkono." Aliuinua mkono wa kulia, akaugeuza, akautazama. "Sasa serikali imeleta mbegu mpya, na ikatafuta mtu anajua kusoma. Mahindi inasoma?"

Nilikuwa kijana, na niliamini kwamba jambo likielezwa vizuri hutengenezeka. Nikamwambia kozi nyingine inaanza juma lijalo, nitampa kitanda, atafundishwa, atapewa mbegu yake mwenyewe. Alirudisha macho kwenye jiko. Nje debe lilianguka, mtu akalaaniwa na ukoo wake wote. Nilifikiri anaanza kukubali. "Sasa ndio unanipa?" akasema mwishowe, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Bibi mdogo amemaliza, ndio mimi niende? Mimi siendi nyuma ya mtu." Kisha akamwambia mkamwana wake atuwekee chai, na tulikunywa chai ile, tamu mno.

Tulirudi moja kwa moja hadi Seme. Rispa alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba yake, mfuko wa mbegu kando yake, bado umeshonwa. Mimi nilianzia nyumba ya Mikayi, nikasimama mbele ya mlango uliofungwa kufuli, kisha nikaenda kwa Rispa. Sijui nilikuwa nikimfurahisha nani. Aliona uso wangu, hakuuliza kama amekubali. Aliuliza amesema nini, na nilipomwambia, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za mtu anayemfahamu vizuri. "Angekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo," akasema. Halafu: "Bwana, wewe unaamini chira?"

"Siamini."

"Huamini kwa sababu umesoma, ama kwa sababu hapa si kwenu?"

Nimeulizwa maswali mengi tangu wakati ule, na makamishna, na maprofesa, na wanangu. Sijaulizwa lililonigusa mfupa kama lile. Nilisema, "Sijui." Odera alikuwa amebaki garini. Ouma alitambaa akaja kushika kiatu changu. Rispa alisema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba ghala lina mahindi ya mpaka mwezi wa tano, labda wa sita akipika mara moja kwa siku. Akimngoja Mikayi, watoto watakula hasira za watu wazima. Akipanda, itasemwa amemuua mtu, na mtu akiugua hata mafua itakuwa yeye. "Nikipanda," akasema, "wewe utakuja kula?" Nikasema nitakuja. Alinitazama kuona kama ni maneno ya ofisini. Kisha akaingia ndani akatoka na kisu, akakata uzi wa mfuko.

Alipanda peke yake, kwenye manyunyu, kwa kamba na kijiti cha kupimia kama tulivyomfundisha, mbegu na kijiko cha mbolea kwa kila shimo. Watu walisimama barabarani wakimtazama bila kumwita. Mzee Nyangweso aliingia nyumbani mwake akafunga mlango. Mtu anaweza kufanya makosa mengi akayaficha, lakini mahindi huota. Kufikia mwezi wa sita yalikuwa yamepita kichwa cha mtu mrefu, majani mapana, yakimetameta, na ungeweza kuyaona kutoka barabara kuu ya Kombewa kama msitu uliohamia hapo. Ofisi ya mkoa ilifurahi. Iliandaa siku ya wakulima pale pale. Zilikuja gari za serikali, vipaza sauti, kreti za soda, na mkubwa mmoja aliyesema kwa muda mrefu juu ya mwanamke wa kisasa. Alimwita Rispa mbele, akapigwa picha akiwa katikati ya mahindi. Mzee Nyangweso aliombwa aseme neno, akasimama na koti lake la reli, akaishukuru serikali, akaketi. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na wanawake wawili wa jirani.

"Mahindi mazuri," mmoja alisema.

"Mazuri sana," akajibu mwenzake. "Ya macho."

Ugali uliopikiwa wageni siku ile ulikuwa wa unga wa dukani. Nilimuuliza Rispa kwa nini, wakati alikuwa na mahindi mabichi ya kuchoma yanayotosha lokesheni nzima. "Nani atayachoma?" akasema. "Mzee anakula kwa ndugu yake. Tangu yaote." Alisema hivyo akisukuma kuni motoni kwa mguu, kana kwamba anazungumza juu ya hali ya hewa, na mkubwa wa mkoa alikuwa bado anahutubia.

Mwezi uliofuata hospitali ilimwambia mwana wa Mikayi kwamba hakuna zaidi wanachoweza kufanya. Mikayi alitaka kurudi nyumbani, na Landrova ikatumika tena. Njia nzima alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkamwana wake, akiuliza tumefika wapi. Mzee Nyangweso alikuwa amejiandaa. Katika pembe ya shamba, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wameingia wakakanyaga mistari michache, alikuwa amelima kipande kidogo, kama ukubwa wa mkeka, na hapo ameweka jembe jipya na ungo wenye mbegu za zamani. Wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia kwamba mke wa kwanza akichimba shimo lake hata sasa, na akatoa mbegu kwa mkono wake, nyumba inaweza kunyooshwa, na mahindi yataliwa. Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Tulimbeba Mikayi kwenye kiti, mimi na mwanawe na Odera na mzee mmoja wa ukoo, tukamweka mbele ya kile kipande cha ardhi. Rispa alisimama mbali, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyeitwa.

Mikayi hakutazama jembe. Alitazama mahindi. Aliyatazama tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akaomba asogezwe, akanyoosha mkono akashika hindi moja, akalibana kwa kidole gumba kama anavyofanya mtu anayejua kazi yake. "Yamejaa," akasema. Kisha akamtafuta Rispa kwa macho. "Nyar Asembo. Umelima vizuri." Nilimwona Rispa akianza kulia. Mzee Nyangweso aliinama akaokota jembe, akampa mkewe kwa mikono miwili, na nilifikiri, pamoja na elimu yangu yote nilifikiri, chimba, mama, chimba tu hata kidogo. Aliliweka jembe mapajani. Alilipapasa mpini. "Mimi sipandi nyuma ya mtu," akasema. "Nipelekeni nyumbani kwangu." Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Nimeisikiliza sauti ile kichwani miaka yote hii nikitafuta chuki, ingekuwa rahisi zaidi, na sijaipata. Hakuimaliza wiki.

Mahindi yalivunwa na Rispa peke yake baada ya mazishi. Niliahidi kula, nikaenda, nikamchukua Odera. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, kitambaa kimetandikwa mezani, ugali mweupe unatoa mvuke, omena wa kukaanga kwa nyanya. Atieno alituosha mikono. Odera aliweka yake kwenye maji, akaikausha, akaketi, akasema, "Mimi nimeshiba, mama. Nilikula Kombewa." Hakuna aliyebishana naye. Nilikula mimi, Rispa, Atieno, na Ouma aliyemegewa na kupozewa na mama yake. Ulikuwa ugali mzuri. Sikuwa na la kuusema zaidi ya hilo, nikalisema, na Rispa akasema, "Kula basi. Upo mwingi."

Surua ilipita Seme kabla mwaka haujaisha. Iliua watoto katika nyumba nyingi, na Ouma alikuwa mmoja wao. Niliposikia nilimtafuta Odera, nikamkuta kwenye chumba cha mabati akifuta ubao. Nikamwambia, kabla hajasema chochote, kwamba hata jirani wa Nyangweso, aliyepanda kwa mpangilio bila kuruka mtu, amezika. "Huyo ni surua," akasema Odera. "Na Ouma?" "Ouma pia ni surua." Alikung'uta chaki mikononi. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilielewa kwamba alikuwa amemlilia mtoto yule. "Lakini ya Ouma ililetwa na nini?" Nilikuwa na majibu, nilikuwa na mihadhara mizima. Watoto waliokufa katika nyumba zilizofuata zamu hawakuhesabiwa na mtu yeyote kuwa ushahidi wa jambo lolote. Mmoja aliyekufa katika nyumba iliyoiruka alitosha. Nilimweleza hivyo, kwa sauti kubwa mno. Akasema, "Ndiyo, bwana. Najua," akaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Hakuna aliyemfukuza Rispa. Hilo ni jambo ambalo watu wa mjini wanapolisikia hawalielewi, wanataka kujua nani alimpiga, nani alichoma nyumba. Waliacha tu kuomba chumvi kwake. Kisimani maneno yalikatika akifika. Mzee Nyangweso alimsalimu kila asubuhi na kula kwa ndugu yake kila jioni. Siku moja nilimkuta Rispa kwenye soko la Kombewa akingoja basi la kwenda upande wa Asembo, Atieno kando yake, gunia nusu la mahindi miguuni. Mengine yalibaki ghalani kwa ajili ya fukusi na kuku. Aliniambia kwao hawana shamba la kumpa binti aliyekwisha olewa, atakodi karibu na ziwa, atauza samaki kwanza. Nikamuuliza kama anajuta. Ndivyo nilivyokuwa, swali likinijia nililitoa. Alitazama upande basi linakotokea. "Hiyo usiniulize leo," akasema. Sikumwona tena. Mwaka ulipogeuka niliacha kazi ile. Kwenye ukuta wa ofisi ya mkoa, siku niliyokwenda kuaga, picha yake ilikuwa imetundikwa, Rispa katikati ya mahindi, na chini yake hawakuandika jina, ila mkulima bora wa Seme.

Atieno, ambaye sasa ana wajukuu, alinijua pale matangani kwa sababu ya urefu wangu. Alivuta kiti akaketi karibu nami, akafuta uso kwa pindo la leso. "Mzee, si wewe ndio Japenjo? Ulikula kwetu." Nikasema ndiye mimi. Alinionyesha kwa kidevu shamba la nyuma ya nyumba linaloteremka hadi majini, ambalo mama yake alilikodi miaka mingi, kisha akalinunua kipande kwa kipande. Alisema mama yake alikuwa wa kwanza kupanda ufukweni kote huku, kila mwaka. Watu walimcheka, halafu wakaanza kumtazama ndipo nao wapande. Hakukuwa na mtu mbele yake wa kumngoja.

"Lakini alikuwa na kitu moja," Atieno akasema. "Anachimba shimo ya kwanza, halafu anasimama. Haweki mbegu. Anaegemea jembe, anaangalia njia. Sisi watoto wa nyumba tunasimama pia, mvua inatunyeshea. Anaangalia, anaangalia. Halafu ndio anasema, haya, tuendelee."

Nilifungua mdomo nimuulize alikuwa akimngoja nani. Nikaufunga. Nyuma yetu wanawake walianza kukusanya vyombo, na nilipogeuka kuichukua sahani yangu nikakuta mtu ameshaumaliza ule ugali.